Slipa si Waya wa Ardhi

Najua niliahidi kwamba safari hii tungemalizia yale mambo ya hifadhidata, lakini itabidi yangoje. Leo nina hasira, na hasira yangu inatoka bafuni.

Asubuhi moja mwezi wa Julai, katika ile baridi ya Nairobi inayomfanya mtu abembelezane na blanketi, niliamka nikakuta tokeni zimeisha. Mita inasoma sifuri, nyumba giza totoro. Nikajiambia haya, nitaoga maji baridi, kwani kule bweni tulikuwa tunaoga nini? Nikaingia bafuni, nikafungua maji, yakaja kwa kasi, nikashika koki niyapunguze.

Stima ikanipiga.

Mkono ulijikunja wenyewe hadi kwenye kiwiko, nikajigonga mlangoni, nikabaki nimesimama pale natetemeka nikijiuliza swali ambalo nataka na wewe ujiulize. Nyumba haina stima. Mita imekata. Swichi ya shawa imezimwa. Sasa hii iliyonipiga ilikuwa stima ya nani?

Naishi Umoja, orofa ya nne, katika ploti yenye nyumba 16. Nilivaa nguo nikashuka kumwona keateka, mzee mmoja mpole ambaye namheshimu sana. Nikamweleza yote. Hakushtuka hata kidogo. Aliniangalia miguuni akauliza, "Kijana, ulikuwa umevaa slipa?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa: "Sasa wewe unaogaje bila slipa?"

Basi hicho ndicho kisa cha makala hii. Huku Eastlands, iwe Pipeline, Kayole, Donholm au Dandora, utakuta watu waliokwisha kukubali kwamba bafu kupiga stima ni jambo la kawaida kama matatu kuchelewa, na kwamba dawa yake ni slipa za mpira. Mgeni akija anaonywa. Mtoto anafundishwa kuvaa slipa kabla hajagusa koki. Mimi nasema hii ni aibu, na sitaki uniamini kwa sababu nimekasirika. Nitakupa hesabu.

Tuanze na kifaa chenyewe

Shawa za stima zinazofungwa sana mitaani kwetu ni za ule mtindo uliotoka Brazil: kichwa cha plastiki, koili ndani, maji yakipita yanapata moto papo hapo. Boksi lake limeandikwa wati 5,500, na nyingine zinafika 7,500. Stima yetu ya nyumbani ni volti 240. Gawanya wati kwa volti: ya kwanza inakula karibu ampea 23, ya pili ampea 31. Kwa lugha nyepesi, shawa moja ya wati 5,500 ni sawa na kuwasha balbu 600 za wati 9 kwa mpigo. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba ya kupanga chenye njaa kama hiyo.

Sasa nina binamu yangu Minnesota, Marekani, ambako baridi si ya mchezo. Alipokuwa akikarabati bafu lake aliweka waya wa kupasha joto chini ya vigae ili miguu isigande asubuhi. Nilidhani ananitania, mtu anapikaje sakafu? Akanieleza jinsi kazi ile inavyofanywa, na ndipo nilipoanza kuona haya.

Waya ule una ngozi yake ya plastiki, juu ya ngozi kuna wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, kisha saruji, kisha vigae. Fundi anapima ukinzani wake mara tatu: ukiwa bado kwenye boksi, baada ya kutandazwa, na tena baada ya vigae kuwekwa. Namba ikibadilika, maana yake mwiko au kigae kimeujeruhi waya, na kazi inasimama hapo hapo. Kisha kanuni za umeme za Marekani zinadai kwamba sakafu ya bafu yenye waya wa joto ilindwe na kifaa kinachokata stima mara tu karibu miliampea 5 zinapopotea njia. Miliampea 5, ndugu yangu! Na bafu la mita nne za mraba linatumia kama wati 500 tu.

Linganisha na sisi. Wati 500 zilizozikwa chini ya saruji zinapimwa mara tatu na kuwekewa mlinzi. Wati 5,500 zinazoning'inia juu ya kichwa cha mtu aliye uchi, aliyelowa, huku maji yanayomgusa yametoka kugusa koili yenyewe, tunazipima vipi? Fundi anafungua maji, anaweka kiganja chini, anasema "Imeshika moto, boss," anachukua pesa yake na kuondoka.

Nisiwacheke mafundi peke yao. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo huo. Tunajaribu programu yetu kwa data nzuri, ikijibu vizuri tunaituma kwa wateja na kwenda kula nyama. Lakini kuona maji yamepata moto kunakuambia kwamba koili ni nzima. Hakukuambii chochote kuhusu siku ambayo koili itakatika, au siku ambayo waya utayeyuka. Na bafu linaua siku hiyo tu.

Hesabu ya slipa

Mwili wa mtu aliyelowa una ukinzani wa kama omu 1,000. Volti 240 gawa kwa 1,000 unapata miliampea 240. Sasa kumbuka namba mbili. Kwenye miliampea 10 hivi misuli inajikaza na unaweza kushindwa kuachia ulichoshika. Kuanzia miliampea 30, zikidumu, pumzi na moyo vinakuwa hatarini. Wewe uliye bafuni unaweza kupata mara nane ya hizo.

"Lakini kuna sakiti breka!" Ndiyo, ipo. Ile ya shawa huwa ya ampea 32, na kazi yake ni kuzuia waya usiungue ukutani. Miliampea 240 haziifikii hata sehemu moja ya mia ya kiwango chake. Kwa sakiti breka, mtu anayekufa kwa stima ni sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Itamwangalia tu.

Na slipa? Slipa kavu juu ya sakafu kavu inasaidia kidogo, sikatai. Lakini nani anaoga akiwa mkavu? Maji yanapita juu ya slipa, yanazunguka kisigino, yanaunganisha mguu na sakafu. Ukiegemea ukuta uliolowa au ukishika fremu ya mlango ya chuma, stima inatoka mkono mmoja kwenda mwingine kupitia kifuani na wala haiulizi umevaa nini miguuni. Na mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa kwenye karai, slipa zake zinakaa wapi?

Turudi kwa stima isiyokuwa yangu

Nina maltimita ambayo kwa kawaida naitumia kuchezea vijisaketi vyangu. Nikapima kati ya koki na sakafu yenye maji. Zaidi ya volti 90, katika nyumba isiyo na tokeni. Hapo nikaacha ushujaa, nikamtafuta fundi wa stima mwenye leseni. Akaja Jumamosi.

Tulifanya kama tunavyotafuta hitilafu katika programu ndefu: kugawa nusu kwa nusu. Tukawaomba majirani, tukazima nyumba 8 pale kwenye ubao wa mita. Volti zikabaki. Kwa hiyo tatizo lilikuwa katika zile 8 nyingine. Tukazima nne, kisha mbili, kisha moja. Nyumba 16, hatua nne, tukamkuta. Orofa ya tatu, ndani ya kisanduku cha swichi ya shawa. Aliyefunga shawa ile alitumia waya mwembamba wa soketi, wa milimita za mraba 2.5. Ukapata joto miezi na miezi, ngozi ikayeyuka, na waya wa laivu ukaenda ukalalia waya wa ardhi.

Hapo ilitakiwa mambo yaishe. Waya wa ardhi upo kwa ajili ya siku kama hiyo: unabeba stima iliyotoroka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa chini. Tukashuka kuitazama fimbo. Fimbo ilikuwepo. Waya wa kuifikia ulikuwa umekatwa, ncha inaning'inia hewani. Mtu aliiona shaba, akaona chakula cha siku hiyo.

Wizi huu tunaujua. Tarehe 11 Januari 2022 nchi nzima iliingia gizani baada ya nguzo kuanguka kwenye laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi, huku huku kwetu, na serikali ikasema zilikuwa zimehujumiwa. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Laini ikianguka nchi inapiga kelele. Waya wa ardhi wa ploti ukikatwa, hakuna anayejua. Taa zinawaka, redio inaimba, maji yanapata moto.

Sasa fuatilia vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha makala. Nyaya za ardhi za nyumba zote 16 zimeunganishwa pamoja kule chini. Zikitenganishwa na fimbo, haziachi kuungana zenyewe kwa zenyewe. Laivu ya orofa ya tatu ilipogusa waya wa ardhi, iliingia kwenye shawa zetu zote, kwenye mabomba ya chuma, kwenye koki zetu zote. Swichi yangu haizimi waya wa ardhi. Mita yangu ikikosa tokeni haiukati waya wa ardhi. Nilikuwa nimeshika nyumba ya jirani yangu.

Na hata kama ningekuwa na pesa nikanunua ile RCD ya miliampea 30, nikaifunga nyumbani kwangu, isingeniokoa. RCD inafanya hesabu moja tu: inapima stima inayotoka kwa laivu na inayorudi kwa nyutro, zikitofautiana kwa kiwango chake inakata, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini stima iliyonipiga haikupita kwenye laivu yangu wala nyutro yangu. RCD yangu ingeona sifuri imetoka na sifuri imerudi, ikaridhika. RCD ambayo ingekata pale nilipogusa koki ni ya yule mama wa orofa ya tatu. Na yangu ndiyo inayomlinda yeye na mtoto wake.

Ndiyo maana slipa zinaniudhi. Slipa ni jibu la mtu mmoja mmoja, kila mtu na miguu yake, kwa jambo ambalo haliwezekani kumalizwa na mtu mmoja. Ardhi ya ploti ni moja.

Majibu niliyopewa, na ninavyoyajibu

La kwanza lilitoka kwa mwenye nyumba, kwa simu. "Watu wameoga hapo miaka mingi, hakuna aliyekufa." Mzee, kwa heshima zote, miaka hiyo mingi waya wa ardhi ulikuwepo. Hakuna ajuaye ulikatwa lini, kwa sababu hakuna anayeupima. Kabla jengo halijaunganishiwa stima hutakiwa cheti kutoka kwa fundi mwenye leseni kwamba nyaya zimepimwa. Cheti chako ni cha siku hiyo. Shawa 16 zimeongezwa baadaye na watu 16, kila mmoja na fundi wake wa njiani. Cheti hakizijui.

La pili: "Weka fimbo tu, inatosha." Haitoshi. Tuseme njia ya fimbo ina ukinzani wa omu 20. Volti 240 gawa kwa 20 ni ampea 12. Sakiti breka ya ampea 32 haitakata, na koki itaendelea kubeba volti za hatari. Fimbo inahitaji RCD, na RCD inahitaji fimbo ili ikate hitilafu inapotokea tu, bila kungoja mtu wa kuigusa.

La tatu, la mafundi: "RCD zinasumbua, zinakatakata ovyo." Haizikati ovyo. Inakuambia stima inavuja. Zile shawa zenye koili iliyo uchi huvujisha kiasi fulani kwenye maji, na maji ya visima yenye chumvi ambayo wengi wetu tunaletewa na maboza yanapitisha stima kuliko maji ya mfereji. Dawa yake ni kununua shawa ambayo koili yake imefunikwa, iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Zipo madukani. Kumtoa mlinzi kwa sababu anapiga kelele akiona mwizi ni akili gani hiyo?

La nne sikuambiwa, nililiona kwa macho. Katika nyumba mbili kati ya zile 16, waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa kwa makusudi pale kwenye shawa na kukunjwa. Fundi aligundua kwamba akiuondoa, koki inaacha kupiga. Ni kweli, inaacha, mpaka siku shawa hiyo yenyewe itakapoharibika. Huyo ni sawa na programa anayefuta ujumbe wa kosa kisha anasema kosa limeisha. Na mimi nimewahi kuwa programa huyo, kwa hiyo namfahamu.

La mwisho ni lile la sote: "Ajali haina kinga." Kwa ajali hii sikubali. Kinga yake inajulikana kwa jina na kwa kipimo, na inauzwa katikati ya jiji. Fundi wetu alipiga hesabu ya waya mpya wa ardhi, vibano na kazi yake: haikufika kodi ya mwezi mmoja ya nyumba moja. Nyumba moja kati ya 16.

Tudai nini

Sitaki uende kufungua swichi kwa bisibisi baada ya kusoma hapa. Nataka uende na majirani zako, pamoja, mdai haya:

1. Fimbo ya ardhi na waya wake vikaguliwe na kupimwa kwa mashine ya kupimia ardhi, na vifunikwe mahali mwizi hafiki kirahisi. Virudiwe kila mwaka.

2. Kila nyumba iwe na RCD ya miliampea 30. Kila nyumba, maana umeona ni ya nani inayokulinda. Ina kitufe cha majaribio: kibonyeze kila mwezi. Isipokata, imekufa.

3. Shawa iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye ubao, wa milimita za mraba 6, sakiti breka yake, na swichi inayokata laivu na nyutro zote mbili, mbali na maji.

4. Waya wa ardhi wa shawa usikatwe, hata kama fundi anaapa.

5. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, kama Sheria ya Nishati ya 2019 inavyotaka. Mwambie akuonyeshe. Mwenye leseni haoni haya kuitoa mfukoni.

Na kama leo hii koki yako inapiga, zima shawa, usiogee hapo, chota maji kwenye jerikeni kutoka mahali pengine, na uwaambie majirani wote. Usimwambie mtu avae slipa.

Sisi tuliandika barua moja, nyumba 14 zikatia sahihi. Mbili ziliogopa kufukuzwa, na siwalaumu. Baada ya wiki mbili waya wa ardhi ulirudishwa, na mama wa orofa ya tatu akabadilishiwa waya wa shawa. Juzi nilipima koki yangu: sifuri. RCD bado. Mwenye nyumba anasema mwezi ujao, na mwezi ujao umeshakuja mara mbili.

Keateka wetu bado anawaambia wapangaji wapya wavae slipa. Sikumgombeza. Jana nilimpeleka pale kwenye ubao wa mita, nikamwonyesha nafasi 16 ambazo RCD zinatakiwa kukaa. Alizihesabu kwa kidole, moja moja, kisha akaniuliza kama ya chumba chake na yeye imo. Sikuwa nimeihesabu. Kwa hiyo ni 17.

Haya, hifadhidata tutaonana nazo wiki ijayo.